Sauti Chini ya Mvumo

Binti huyu alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu, na mkasa wenyewe ulisimuliwa na mama yake mzazi. Alikuwa ametoka tu kumaliza mafunzo ya ufundi wa sauti. Alipopata kazi studio, mama alicheka hadi akashika mbavu.

"Yaani wewe ulipwe kwa kusikiliza? Humu ndani nakuita mara tatu husikii!"

Studio yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu: chumba cha mitambo, chumba cha kurekodia, na kati yao kioo kinene. Mwenye studio aliitwa Bosi Waya, maana hakutembea bila waya shingoni. Alimfundisha binti kwa upole, kama mwanawe. Alimwonyesha jinsi ya kukunja waya usikatike kwa ndani, na jinsi ya kusogeza maiki kwa upana wa vidole viwili tu. Zaidi ya yote, mwimbaji akiuliza kama anasikika, ajibiwe upesi.

"Aliye nyuma ya kioo ni kama aliye kisimani," alisema. "Usipomjibu anaingiwa na hofu."

Binti akalishika hilo hadi likawa tabia.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, Bosi Waya alimletea sanduku la kanda za zamani azihamishie kwenye kompyuta.

"Hamisha zote, mwanangu. Ila hii isiyo na jina, iache."

"Ina nini, bosi?"

"Iache tu."

Akashuka kwenda kutafuta kifaa mjini. Kufika saa sita binti alikuwa amemaliza kazi yote. Jua linawaka dirishani, wauza viatu wanabishana chini, naye mikono inamwasha. Fundi mgeni ana kiherehere. Anataka bosi akirudi akute maajabu. Akaipachika ile kanda isiyo na jina.

Mvumo mtupu. Kama mvua inayopiga bati, mwanzo hadi mwisho. Lakini sikio lililofundishwa halidanganyiki. Chini ya mvumo palikuwa na mtu.

Akavaa hedifoni, akaanza kuusafisha. Akaupunguza kidogo, akaupunguza tena. Sauti ikapanda taratibu, kama kitu kinachoibuka majini. Ilikuwa ya mwanamke.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Binti akatabasamu. Kumbe ni mtu anajaribu maiki!

"Moja, mbili. Unanisikia?"

Kidole chake kikatangulia kabla ya akili. Kikabonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha pili.

"Nakusikia."

Ndipo alipokumbuka. Ile ni kanda. Kanda haiulizi.

Akainua macho kwenye kioo. Chumba cha kurekodia kilikuwa kitupu, maiki imesimama peke yake. Lakini mshale wa kipimo cha maiki ile ulikuwa unacheza. Unapanda, unashuka. Kama mtu anavyopumua.

Kisha hedifoni zikasema tena. Safari hii kwa sauti yake yeye.

"Nakusikia."

Mshale ukalala.

Bosi Waya alimkuta sakafuni, amekumbatia magoti. Akatazama kompyuta. Akatazama kanda. Kifaa kikamponyoka mkononi.

"Umemjibu?" alinong'ona.

Binti akatikisa kichwa kukubali.

Bosi akamwinua, akamsimamisha mbele ya maiki. "Sema neno."

Akasema jina la mama yake. Mshale haukutikisika. Bosi akabadilisha waya, akabadilisha na maiki. Binti akapiga ukelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mshale umelala tu. Bosi akakohoa kidogo, mshale ukaruka.

Akaketi. "Ule mvumo niliuweka mimi, kumfunika," alisema. "Kuitupa kanda niliogopa ataiokota mtu. Fundi aliyekuwa hapa kabla yako alinipigia simu siku moja, nikaona namba yake. Nikasema haloo, haloo. Kimya. Sikumwona tena." Akashusha macho. "Nisamehe, mwanangu. Ningekwambia."

Njiani binti alimpigia mama. "Haloo? Mbona husemi? Haloo!" Akakata, akakimbia.

Nyumbani, ana kwa ana, mama alimsikia vizuri. Alisimuliwa yote akiwa kwenye cherehani, anapinda mashuka ya watu. Hakucheka. Jioni inaingia, simu yake ikalia: ujumbe wa sauti, umetoka kwenye namba ya binti. Na simu ya binti ilikuwa pale mezani, imezimwa.

Mama akaufungua. Ilikuwa sauti ya mwanawe, yenye furaha.

"Mama, nimefika. Nifungulie."

Mlango ukagongwa. Mara moja. Mara mbili.

Binti akafungua kinywa. Mama akamziba kwa kiganja.

"Usiitike," alinong'ona. "Hata akilia."

Na akalia. Alilia kama binti alivyokuwa akilia utotoni, kwa kwikwi, akiita mama, mama, mama. Moyo wa mzazi ulitaka kupasuka. Mama akakanyaga cherehani. Bila nguo, bila uzi, alikanyaga tu, kelele ijaze chumba. Mguu ulipochoka akabadilisha. Mguu wa pili ulipochoka, binti akapokea. Hivyo hivyo hadi kukakucha, wala hakuna kati yao aliyeusogelea mlango.

Binti hakurudi studio. Mpaka leo ukimpigia simu, utaisikiliza pumzi yako mwenyewe.

Lakini la asubuhi ile ndilo mama husita kulisema. Kulipopambazuka alitoka nje kukagua. Vumbi la kizingiti lilikuwa shwari, halina unyayo hata mmoja. Mlango haukuwa na alama. Akashusha pumzi, akaingia, akaufunga.

Hapo ndipo akaiona. Kwenye rangi ya mlango, usawa wa kichwa cha mtu mzima, alama mbichi ya sikio lililokandamizwa kwa muda mrefu.

Ilikuwa upande wa ndani.