Mlango wa Chumba cha Barafu

Viwanda vya samaki aina ya sangara vilipoanza kushamiri Musoma, shoga yangu Hyasinta, aliyefanya kazi katika kimojawapo, aliingia chumba cha barafu kuchukua kreti moja tu. Mlango ukajifunga. Gizani akapapasa kitasa cha ndani, akakuta tundu tupu.

Asubuhi ileile fundi Pastory, aliyekuwa akila naye sahani moja, alimwapia, "Dada, nimeshaweka kipya."

Akagonga, akaita. Kwa nje akamsikia Pastory akisema, "Hakuna mtu, bosi. Hizi mashine zinagongaga hivyo." Nyayo zikaondoka. Machozi yakamgandia Hyasinta mashavuni.

Ndipo kando ya sikio lake, pale penye tundu tupu, kitasa kikazungushwa, kriii. Mlango ukafunguka. Nje hapakuwa na mtu. Upande wa ndani, barafu ya mlangoni ilikuwa imeyeyuka kwa umbo la kiganja kipana kuliko chake, na maji yaliyochuruzika yalikuwa vuguvugu.