Injini Ilichelewa Kupata Moto, Nikaitwa Mzinzi

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na saba, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Othaya, na haya ninayoandika sijayasimulia hata kanisani. Mimi ni mzaliwa wa Kakamega. Kazi ndiyo iliyonileta Nyeri, na mapenzi yakanibakisha. Niliolewa na Githinji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, tukapanga nyumba mtaa wa Skuta. Tulijaliwa msichana mmoja tukamwita Wangui, jina la mama yake Githinji, kama desturi yao inavyotaka.

Nilipendwa, msidhani sikupendwa! Wapo waliomwambia Githinji kwamba mwanamke wa mbali hakai, siku moja atafunga virago arudi kwao. Yeye aliwacheka mbele yangu.

Nilikuwa na gari langu dogo, kuukuu, la kunipeleka shuleni na kunirudisha. Lakini mambo ya gereji yalikuwa ya Githinji. Huku kwetu mke akionekana gereji anaongea na fundi, watu huuliza kama mume wake amesafiri. Kwa hiyo mimi niliendesha tu. Gari likigoma, nampa mume ufunguo, analipeleka kwa Ndirangu, fundi aliyekuwa rafiki yake na msimamizi wa harusi yetu. Likirudi, siulizi lilikuwa na nini. Ujinga gani huo? Lakini ndivyo wanawake wengi tunavyoishi.

Mwaka jana gari lilichemka njiani kwenda Karatina, Githinji akiwa kwenye usukani. Akalipeleka kwa Ndirangu, likarudi, nami kama kawaida yangu sikuuliza.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo... Injini ilichukua muda mrefu mno kupata moto. Msimu wa baridi ulikuwa umeingia, ule ambao wenyeji huuita gathano, ukungu haukuondoka hadi jua lipande. Nikiwasha hita, inanipulizia baridi kwenye magoti. Kioo cha mbele kilijaa mvuke, nikawa nakipangusa kwa leso huku naendesha. Petroli nayo ilikwisha upesi. Nilisema moyoni kwamba ni baridi ya Nyeri tu.

Aliyeiona hiyo petroli ni Githinji. Akaniuliza napitia wapi nikitoka kazini. Nikamjibu kwamba sipiti popote.

Jioni moja niliingia nyumbani, akaja akafungua mlango wa gari kabla sijazima injini. Nilidhani anakuja kunipokea vitabu vya wanafunzi. Kumbe macho yake yalikuwa kwenye ule mshale wa kuonyesha joto la injini! Mshale ulikuwa chini kabisa, kama wa gari lililowashwa sasa hivi.

"Gari imetoka Othaya na hiyo milima yote, alafu injini iko baridi hivi?" akauliza. "Mama Wangui, hii gari ilikuwa imepakiwa hapa karibu. Ulikuwa kwa nani?"

Ndugu zangu, nilicheka. Nilidhani ananitania! Nilipomtazama usoni, kicheko kikanikauka mdomoni.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kukaguliwa. Kila jioni alinisubiri getini, anachungulia dashibodi kabla ya kunisalimia. Kila jioni mshale ulimwambia kwamba mke wake ni mwongo. Kisha akaniambia kwamba amemwuliza Ndirangu, na fundi amesema hakuna injini inayotoka Othaya ikafika Skuta bila moto. Amesema fundi! Mimi ningebishana vipi, nami hata sijui maji ya injini yanatiwa wapi? Nililia, nikaapa kwa Biblia, nikamwomba anisindikize kazini na kurudi. Akasema siku nikisindikizwa bila shaka nitakuwa mwema.

Aliitisha kikao kwao Mukurweini. Nilikaa peke yangu upande mmoja wa meza, wao upande wa pili, kwa sababu watu wangu wako mbali na sikuwa na uso wa kuwaita kwa aibu kama hiyo. Mama mkwe, aliyekuwa akiniita binti yake, hakunitazama. Shangazi mmoja akasema lisemwalo lipo. Uamuzi ukatoka kwamba Wangui abaki na nyanya yake hadi mimi nijirekebishe. Nijirekebishe nini, jamani? Nilirudi Skuta nikakuta nguo zangu kwenye magunia ya sementi yaliyotoka dukani.

Nikapanga chumba Othaya. Nilifundisha watoto wa wenzangu huku wangu nikikatazwa kumwona. Walimu waliacha kucheka nikiingia ofisini, na wanawake wa kikundi chetu cha maombi wakawa hawanipigii simu. Mimi sikula, sikulala... Kuna asubuhi nyingi nilizokaa ndani ya gari nikipiga mayowe, madirisha yamefungwa, halafu nafuta uso naingia darasani.

Asubuhi moja kioo kikaziba kwa mvuke nikiwa mteremkoni, nusura nimgonge mwenye bodaboda aliyembeba mama na maziwa yake. Ndipo nilipojisemea, acha waseme watakavyo, leo naenda gereji mwenyewe.

Nilikwenda kwa Ndirangu, maana sikumjua mwingine. Nikamweleza kuhusu hita, petroli, na injini isiyopata moto. Hata hakufungua boneti.

"Si hiyo ni thamostati tulitoa na mzee yako?" akasema. "Ile siku ilichemka. Ati hakukuambia?"

Akanieleza kwamba ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta, pale yanapopozwa, kabla injini haijapata moto. Mafundi wengi huku hukitoa gari likichemka na kusema kwamba Afrika ni joto, hakina kazi. Afrika ni joto! Nyeri hii, chini ya mlima wenye barafu! Kikitolewa, injini huendeshwa ikiwa baridi, inakunywa petroli, na mshale unalala chini hata ukienda safari ndefu.

Nikaketi juu ya gurudumu kuukuu, nikamwuliza kwa nini basi alimwambia Githinji vile. Ndirangu akaweka spana chini. Akasema Githinji alimwuliza kuhusu gari la rafiki yake, ati rafiki huyo anamshuku mke. Aliona aibu kusema ni la mke wake mwenyewe! Ndirangu akajibu ukweli kuhusu gari zima, lisilotolewa kitu. Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Yule aliyesimama hapo kifaa kikitolewa, asijue kazi yake, ndiye aliyenihukumu.

Ndirangu aliacha kazi yake, akapanda gari langu, tukaenda Mukurweini moja kwa moja. Moyo wangu ulikuwa unaimba, siwafichi. Nilijua leo nasafishwa.

Wangui alikuwa uani anawapa kuku mahindi. Nilishuka nikimwita, mikono nimeifungua. Hakukimbia kuja. Alimtazama Ndirangu akishuka upande wa pili, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mami," akauliza, "huyu ndio ule mwanaume?"

Mungu wangu! Mtoto ambaye bado hajang'oka meno yote ya mbele... Nani alimwambia? Sikuuliza. Niliketi chini pale pale penye kuku.

Githinji aliitwa kutoka dukani, akaelezwa, akalia mbele ya mama yake, akapiga magoti. Mama mkwe pia alinishika mikono akaomba radhi. Nimewasamehe, na nimerudi Skuta kwa ajili ya mtoto. Lakini kila nikijifunga kitambaa kichwani asubuhi, Wangui huniuliza naenda wapi na nitakuwa na nani. Humjibu taratibu, kisha naingia bafuni nalia.

Dada zangu, lijueni gari lenu. Ingieni gereji wenyewe, ulizeni kilichotolewa na kilichotiwa, wala msiogope kuchekwa. Nanyi kaka zangu, nawasihi, mkiuliza fundi msifiche gari ni la nani. Na hata kama una hasira ya kukupasua kifua, usimtajie mtoto ubaya wa mama yake. Kilichotolewa kwenye injini yangu kilirudishwa siku ile ile niliyokwenda gereji. Neno lililoingia kwa mtoto wangu, ni fundi gani atalitoa?