Maneno Yana Moto Kama Pasi

Asubuhi hiyo, kama ilivyo kawaida, chumba cha mbele kilijaa mvuke na harufu ya sabuni. Mama Pasi alikuwa amesimama mezani, ananyoosha mataulo. Mumewe alikuwa uani, mikono imezama kwenye beseni hadi viwikoni. Mtaa mzima ulimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha popote, lakini kila jambo alikuwa na nadharia yake.

Hawa walikuwa madobi. Nyumba ya wageni ya mtaa wa pili iliwaletea nguo zake zote: mashuka, vitambaa vya meza na sare za wahudumu. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha familia na kuwasomesha pacha wao.

Tatizo lilikuwa moja. Meneja wa nyumba ya wageni alikuwa mgeni, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuombea maji. Maagizo aliyatuma kwa simu, kwa Kiingereza. Madobi wetu waliyajua majina ya nguo. Waliyobabaika nayo ni maneno yanayosema nguo zinatakiwa lini.

Simu ikalia. Profesa akaingia akipangusa mikono kwenye suruali.

"Jumbe mbili," alisema. "Huu wa kwanza ni mfupi: *Bed sheets. No rush.* Huu mwingine, loo! Ni risala: *Good morning, and thank you for your good work. We have guests for lunch. Please send the uniforms right away.*"

"Mashuka na sare," alisema Mama Pasi. "Tuanze na zipi?"

"Mashuka!"

"Umejuaje?"

"Mke wangu, mtu mwenye haraka ana nafasi ya kuandika maneno mengi? Nyumba ikiungua, mtu anapiga kelele, 'Moto!' Haanzi kukuuliza umeamkaje."

Mama Pasi alicheka, lakini maneno hayo yakamwingia. Wakayavamia mashuka. Huyu anakamua, yule anapiga pasi, jasho linawatoka. Yalipokuwa tayari, Profesa aliyabeba kichwani akaondoka mbio.

Alirudi uso umemshuka. Nyuma yake alikuwepo meneja.

Meneja hakupiga kelele. Alitafuta maneno ya Kiswahili, moja moja.

"Mama, mimi naomba sare. Wewe unaleta mashuka. Leo wahudumu wangu wamevaa nguo chafu mbele ya wageni. Ikiwa hivi tena, natafuta dobi mwingine."

Akaondoka. Profesa alijishughulisha na kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Usinitazame hivyo, mama watoto."

"Sijakutazama bado," alisema mkewe. "Nikianza utajua."

Alichukua simu akavuka kwenda kwa jirani yake, muuguzi wa chumba cha dharura hospitalini. Alimkuta ametoka kazini, miguu ameiloweka kwenye maji ya vuguvugu.

"Karibu, dada! Mbona umevimba hivyo?"

Mama Pasi alimweleza yote. Alipofika kwenye nadharia ya ujumbe mfupi, muuguzi alicheka hadi maji yakamwagika sakafuni.

"Nisamehe, dada. Kwa hiyo mgonjwa wangu akiandika barua ndefu, nimwache mpaka kesho? Hebu kaa hapa. Usihesabu maneno. Tafuta neno linalobeba haraka. Pasi yako ina kile kidude cha kuzungusha, sivyo?"

"Ndiyo. Moto mkali wa pamba, moto wa kati, na moto mdogo wa hariri."

"Basi na maneno haya yana moto wake. Ukiona *right away*, *at once*, *immediately* au *urgent*, huo ni moto mkali. Maana yake ni mara moja. Kwetu hospitalini, neno *immediately* likitoka, watu wanakimbia viatu mkononi."

"Na sare zangu zilikuwa *right away*!" Mama Pasi alishika kichwa.

"Ndiyo. Halafu kuna *as soon as possible*. Huo ni moto wa kati. Anakuambia ufanye mapema kadiri unavyoweza. Usiache ulicho nacho mkononi ukatoka mbio, lakini usilale pia."

"Na hii *no rush*?"

"Moto mdogo kabisa. *No rush*, *take your time*, zote zinasema hakuna haraka, fanya kwa nafasi yako."

Mama Pasi aliutazama tena ujumbe kwenye simu. Kisha akaanza kutikisika mabega. Muuguzi alidhani analia. Kumbe anacheka.

"Dada, mume wangu amekimbia na mashuka kichwani, nusura agongwe na baiskeli! Kumbe mwenyewe ameambiwa asiwe na haraka!"

Waliyarudia maneno mpaka maji ya beseni yakapoa. Mama Pasi aliporudi nyumbani, alichukua nyundo akapigilia misumari mitatu ukutani. Wa juu ulikuwa wa moto mkali, wa katikati wa moto wa kati, na wa chini wa moto mdogo.

"Kuanzia leo, kila mfuko wa nguo unaning'inizwa kwenye msumari wake," alimwambia mumewe. "Na nadharia zako tunaziloweka."

Kesho yake mapazia yalining'inia kwenye msumari wa chini, maana meneja aliandika *take your time*. Vitambaa vya meza vilikaa katikati. Mama Pasi alikuwa anavipiga pasi simu ilipolia. Ujumbe ulikuwa mrefu tena, una salamu na shukrani tele. Profesa alichungulia begani kwake.

"Huyu ana nafasi," alianza.

"Hebu tulia." Kidole cha Mama Pasi kilitembea juu ya maneno polepole. Koti la mhudumu. Wageni wanafika. Mwishoni kabisa, neno likamrukia: *immediately*.

"Moto mkali!" alipiga kelele. "Lete koti!"

Aliacha kitambaa cha meza nusu kimenyooka, nusu kimekunjamana. Koti likapita mezani, kola, mikono, mgongo. Halikupata hata muda wa kupoa. Safari hii alilipeleka mwenyewe, amelishika juu kama bendera.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, akiangalia barabara. Gari la wageni lilikuwa linaegeshwa. Mhudumu alilivaa koti likiwa bado na joto, akafunga vifungo, akawafungulia wageni mlango. Meneja alishusha pumzi, kisha akamkumbatia Mama Pasi pale pale.

Jioni vitambaa vya meza vilikwenda, vimenyooka vyote. Mapazia yalisubiri zamu yake bila mtu kuhangaika. Madobi walikuwa wameketi uani simu ilipolia tena. Profesa aliiwahi, akasoma.

"*Thank you. You were so quick. Please stay with us.* Hiyo *quick* naijua, ni upesi! Haya niambie, tuutundike msumari gani?"

Mama Pasi aliusoma ujumbe mara ya pili, taratibu, huku tabasamu likimpanuka.

"Huu hautundikwi, baba watoto," alisema. "Anasema tulikuwa wepesi. Anasema tubaki naye."