Mianzi Isiyo na Urefu

Kabati lilikuwa wazi, halikuvunjwa. Diski ya Mwalimu Peng Shu-fen haikuwemo.

Inspekta Tseng Yu-han alilitazama akimenya yai lililochemshwa kwa chai, maana alikuwa hajapata kifungua kinywa. Wizi wa kutumia ufunguo haukuwahi kumpa taabu.

"Ndani ya diski kulikuwa na nini?"

"Vipimo vya leza vya mlima wa Qingxi," alijibu Mwalimu Peng, mjiolojia mwenye mvi na hasira za karibu. "Droni ilivileta juzi, sina nakala. Nisipoonyesha ufa ulio mlimani, hakuna atakayewahamisha watu mia mbili wa kijiji. Na kimbunga kinaingia kesho, Inspekta!"

Diski ilikuwa imechukuliwa jana asubuhi, na funguo zilikuwa mbili: ya kwake na ya Gao Ming-zhe, fundi wa tufe, ile dunia ya kwenye skrini ambayo ofisi nzima iliizungusha kwa kidole kutazama mvua, mito na miteremko. Alama za vidole hazikusaidia kitu. Za wote wawili zilijaa kila mahali.

Gao aliitwa. Akaketi, akakunja mikono.

"Jana saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Qingxi. Kwenye kipimo cha mvua, juu mgongoni mwa mlima."

"Nani alikuona?"

"Kima."

"Nitawahoji. Na wewe uliona nini?"

"Kijiji chote. Daraja jipya jekundu, paa la hekalu, hata nyumba ya mama."

"Mama yuko pale na hukushuka kumsalimia?"

"Nilikuwa na haraka."

Tseng alipiga simu kituo cha polisi cha kule mlimani. Saa moja baadaye konstebo alipiga, akihema.

"Afande, nimefika kwenye kipimo."

"Unaliona daraja?"

"Daraja lipi, afande? Pua yangu yenyewe naitafuta! Ni mianzi mitupu huku, imesimama kama ukuta."

Tseng alicheka kwa raha. Akaliendea tufe, akalizungusha, akashuka mpaka Qingxi na kusimama pale pale alipodai Gao. Daraja jekundu likaonekana. Paa la hekalu likaonekana. Mianzi ilikuwa rangi ya kijani tu, imelala chini kama mkeka.

"Bwana Gao, kwenye tufe lako mianzi haina urefu. Mlimani inao."

Gao aliitazama skrini. Alikijua kila kilima cha kisiwa kizima kwa kidole, lakini kwao alikuwa hajakanyaga miaka sita.

"Diski iko wapi?"

"Chini ya kiti cha skuta yangu."

"Kwa nini?"

"Kimbunga kile cha miaka sita iliyopita walimhamisha baba. Walisema siku tatu. Akakaa miezi minane kwenye nyumba ya mabati, akafia humo akiuliza nani anachuma chai yake." Alikunjua mikono. "Mama ameapa, akipelekwa huko naye hatoki mzima. Mngeupaka mlima rangi nyekundu ya hatari kwenye tufe, mngekuwa mmemuua."

"Uliifungua?"

"Sikuthubutu."

Diski ililetwa. Mwalimu Peng aliichomeka bila kumtazama Gao, na ufa ukajichora kwenye tufe, mwekundu, kutoka juu kwenye mashamba ya chai. Ulipita kando ya kaburi la baba. Ukapita nyuma ya jiko la mama, hatua nne tu kutoka mlangoni.

Mwalimu Peng alishika simu kuita wilaya. Gao naye aliinuka ghafla. Askari aliyekuwa mlangoni alimrukia, lakini Tseng alimzuia kwa mkono, kisha akampa Gao simu yake mwenyewe.

"Mama? Ni mimi... Ndiyo, nimekula. Mama, nisikilize. Achana na birika. Vaa viatu utoke, nenda hekaluni... Hapana, Mama, nakuja mwenyewe kukuchukua, nakuapia... Viatu, Mama!"

Tseng alisubiri mpaka mlango wa nyumba ya mama uliposikika simuni ukifungwa. Ndipo akatoa pingu.