Aliyeitika Kituoni

Asubuhi ile Chiriku alikunywa chai yake yote bila kuuliza swali hata moja. Kwa kawaida angemhoji hata nzi. Mama yake, fundi wa darubini ya redio, alishukuru kupata utulivu.

Waliishi wawili tu kituoni, mbali na watu, maana ile sahani kubwa ya chuma ya darubini ilisikiliza mbinguni na haikutaka kuvurugwa: hakuna simu ya mkononi, hakuna televisheni, hakuna jirani. Mtoto wa miaka saba asiye na wa kucheza naye huisemesha sahani. Bibi yake alishamwonya asizungumze na ukiwa. Kuna majini wapweke, hawangoji kuitwa mara mbili.

Saa nne spika ya darubini ikaanza kunguruma. Mkuu wa kazi, kwenye simu ya waya, alifurahi kama aliyepata mjukuu. Alisema bila shaka ni nyota ile iliyoraruliwa na shimo jeusi miaka miwili iliyopita. Shimo likishakula hukaa kimya, kisha mabaki huanza kulia. Ila fundi ahakikishe kwanza. Aigeuze sahani kwenye anga tupu. Ngurumo ikikatika, ni ya nyota. Isipokatika, inatoka humo humo kituoni.

Aliigeuza. Haikukatika.

Akachukua antena ya mkononi, ambayo mshale wake hupanda ukikaribia kinachovuruga, akapita nayo jikoni, mshale umelala, akapita stoo, umelala, akausukuma mlango wa chumba cha kulala na harufu ya nywele zilizoungua ikamkaba, na mshale ukapanda, ukazidi kupanda kila alipopiga hatua, mpaka ukagota mwisho mbele ya mwanawe aliyekaa kitandani mdomo wazi, midomo haichezi, na ngurumo ile ile ikitoka kooni mwake.

"Mama," mtoto alinong'ona kwa shida, sauti ikififia kama inavutwa ndani. "Anasema nilimwita. Anasema hana mtu."

Fundi aliweka antena chini. Mganga wa karibu alikuwa mwendo wa siku nzima, na sauti ya mtoto isingedumu hadi jioni.

"Mwache," alisema. "Huyo anaanza shule Jumatatu, kwa bibi yake. Njoo kwangu, mimi sina ninakokwenda."

Baridi ilimwingia kifuani. Chiriku akakohoa, akavuta pumzi, kisha maswali yakamiminika: mbona Mama ananuka, mbona ananguruma, mbona anarudi nyuma? Fundi hakumgusa. Alimwambia kutoka mlangoni akusanye nguo zake.

Mkuu alipopiga tena aliuliza kama hitilafu imepatikana. Fundi alisema imepatikana, na kesho gari lije limpeleke mtoto kwa bibi yake. Yeye atabaki.

Mkuu akashangaa: atabaki na nani huko?

Fundi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini jibu likatoka vilevile.

"Na mimi."