Masaa Tisa Juu ya Bahari

"Mbona dirishani kwako giza?"

Injinia akageuza simu haraka. Lakini Fundi alikuwa ameshaona.

"Pazia zito, mpenzi. Bado niko kitandani."

"Huku jua linaunguza! Uko wapi?"

Fundi aliisukuma nguo aliyokuwa akishona. Mpenzi wake alimwambia atasafiri kesho, ng'ambo ya bahari, kwenda kufunga mashine za hospitali. Sasa leo asubuhi amempigia simu ya video waonane uso kwa uso, kumbe kwake ni usiku.

"Nisamehe. Nimeshafika. Niliruka jana."

"Na nani?"

"Peke yangu!"

"Mwongo! Nani yuko hapo?"

Dada yake Injinia, aliyekuwa akishona vifungo pembeni mwa Fundi, akadakia:

"Wifi, huyo hana ubavu wa wanawake wawili. Hata kudanganya kwenyewe hajui."

Fundi hakucheka.

"Safari ile nyingine nilikuaga," Injinia akasema taratibu. "Ukakaa chini masaa tisa na simu mkononi. Hukula, hukunywa. Nikasema safari hii ukisikia nimeruka, niwe nimeshatua. Leo nilipiga nikuambie, nikaogopa."

Mume wa kwanza wa Fundi alipanda ndege kuvuka bahari hiyohiyo. Ujumbe wake wa mwisho ulisema, "Tunaruka." Ndege haikutua, mwili haukuonekana. Tangu hapo, kila ndege ikipita juu, Fundi humsikia marehemu akimwita, naye huacha kushona.

"Jana jioni nilikuwa nacheka na majirani," akasema, machozi yakimtoka. "Ungezama, ningekuwa nacheka. Nani angekuombea?"

"Sikufikiria hivyo."

"Yule aliniachia hofu, lakini hakuninyima kumwombea. Wewe umeninyima. Usinipigie tena!"

Akakata.

Wiki nzima hakupokea. Usiku marehemu akamjia ndotoni, amelowa, anamtazama tu. Fundi alijua kinachomsumbua: Injinia alishamposa, naye kila siku alimjibu "tutaona". Aliogopa. Aliona kama akisema ndiyo, bahari itamsikia na kumchukua huyu pia.

Siku ya kurudi, simu ikaita. Akapokea.

"Niko mlangoni mwa ndege," Injinia akasema. "Sikufichi. Tunaruka sasa hivi, na mimi mwenyewe naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kufa kabla hujanijibu."

Fundi akafumba macho. Akamwona marehemu amesimama mbele yake, amelowa kama ndotoni. Safari hii hakumkimbia.

"Nakubali," akasema.

"Unasema?"

"Nakubali posa! Nakujibu kabla hujaruka, nisije nikaonekana nilisubiri nione kama utafika."

Injinia akaanza kulia, abiria wakimpita.

"Nikitua nitakupigia."

"Nitakuwa macho. Usinihurumie, kukuombea ni haki yangu."

Simu ikakatika. Wifi yake akaja na bakuli la uji, akamshikisha kijiko.

"Utakula?"

"Nitakula."

Akala, machozi yakidondokea bakulini. Kisha akaketi kumsubiri mume wake.