Alichosema Mfuaji

"Muulize kama anajuta," hakimu Mzungu alisema kwa lugha yake, macho kwenye jalada.

Mkalimani akamgeukia mshtakiwa, mwanamke mfuaji wa nguo. Alikuwa mchumba wake, na harusi yao ilibakiza wiki mbili. Tangu alfajiri alikuwa amemwomba Mungu kesi hii apewe mkalimani mwingine. Mwingine hakuwepo.

"Bwana mkubwa anauliza, unajuta kuacha kazi siku nne bila ruhusa?"

Mfuaji aliweka mikono yake iliyochubuliwa na sabuni kwenye ukingo wa kizimba.

"Mwambie sijuti. Nilikwenda kumzika mama. Niliomba ruhusa nikanyimwa. Ingekuwa leo, ningekwenda tena."

Jibu hilo lilikuwa miezi mitatu jela. Mkalimani aliijua adhabu hiyo, aliitafsiri kila wiki.

"Anajuta sana, bwana," alisema kwa Kizungu. "Msiba ulimfanya akose akili. Anaomba asamehewe."

Hakimu akagonga meza.

"Onyo. Arudi kufua leo hii."

Nje, askari wa mlangoni, aliyewahi kuwapikia Wazungu na kuokota lugha yao jikoni, alikuwa anacheka.

"Shemeji, una bahati! Mwenzio kakuombea msamaha mpaka nikataka kukusamehe mimi! Eti ulikosa akili!"

"Nani alikosa akili?"

"Si wewe? Ndivyo alivyosema bwana harusi."

Askari alipoziona nyuso zao, kicheko kikamkauka. Akahamia upande wa pili wa mlango.

"Ulimwambia hivyo?" mfuaji aliuliza.

"Ungefungwa miezi mitatu, mpenzi. Na harusi je?"

"Kuna mtu alikuuliza habari za harusi mle ndani?"

"Nilitaka kukuokoa."

"Mama yangu hana hata wiki mbili kaburini. Wewe unamwambia Mzungu nilimzika kwa kukosa akili."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepiga kelele.

"Nisamehe."

"Hilo unajua kulisema."

Mkalimani aliitazama mikono yake mwenyewe, safi, haina hata mkwaruzo. Hakusikia uchungu. Hakusikia chochote.

"Nijibu moja tu," mfuaji alisema. "Nikishakuwa mkeo, siku nikisema sitaki, utawaambia watu nimesemaje?"

Mkalimani akageukia mlango wa mahakama.

"Basi. Mwambie baba yako asije kwetu Jumamosi. Na hilo ulifikishe kama nilivyolisema."

Akashuka ngazi, akashika njia ya kwenye mabeseni. Ndani, kesi ya pili ikaitwa, na mkalimani akarudi kazini.

Jioni alimkuta baba yake anapiga pasi kanzu ya kuendea ukweni.

"Baba, amesema usije kwao Jumamosi."

Mzee akaiweka pasi chini.

"Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Ana msiba huyo, mwanangu. Pengine alikuwa na maana nyingine. Pengine hukumwelewa."

"Nilimwelewa, baba."